Kidonge cha Mwezi wa Saba

Mwaka 1960, katika milima ya Mahenge wilayani Ulanga, Tanzania, daktari kijana kutoka Norwe alifungua kliniki ya kifafa. Ulimwengu wa tiba ulikuja kumjua kwa jina la Louise Jilek-Aall. Wagonjwa aliowakuta miongoni mwa Wapogoro walikuwa wakila peke yao na kulala pembeni, kwani iliaminika kwamba mate ya mwenye kifafa huambukiza. Mtu akiangukia jikoni, waliokuwa karibu walirudi nyuma badala ya kumvuta, na ndiyo maana wengi walikuja kliniki na makovu ya moto. Dawa aliyokuwa nayo daktari huyo ni fenobabitoni, kidonge cha zamani na cha bei ya chini. Zaidi ya nusu ya waliotibiwa waliacha kabisa kuanguka, na wengi wa waliobaki walipata nafuu ya wazi. Watu waliokuwa wamekatiwa tamaa na ukoo mzima wakaanza kulima, kuoa na kuolewa.

Kliniki ilidumu kwa takriban miaka kumi, kisha dawa zikakatika.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na mwenzake H. T. Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa kipindi cha miaka thelathini. Kama theluthi mbili yao walikuwa wameshafariki. Kwa wale ambao chanzo cha kifo kilijulikana, zaidi ya nusu walikufa kwa mambo yanayotokana na kifafa chenyewe: kuzama majini, kuungua, kushikwa na mtukutiko mfululizo usiokatika. Hao walikuwa watu walioijua dawa, waliokuwa wameionja nafuu yake, na ambao jina la kidonge chao lilikuwa limeandikwa kwenye daftari.

Ningepewa nafasi ya kuchagua utafiti mmoja tu wa kuwekwa mezani kila halmashauri inapopanga bajeti ya afya, ningechagua huo. Kila tarehe 10 Oktoba tunaadhimisha Siku ya Afya ya Akili Duniani. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anahutubia, redio zinawahimiza watu wazungumze, wasikae na mambo moyoni. Sina ugomvi na fulana, ninazo kadhaa. Lakini ukimfuata mama aliyeitikia wito huo, akamchukua kijana wake anayesikia sauti usiku na kumpeleka kunakohusika, swali halisi linaanza baada ya wiki nne, vidonge vya kwanza vinapoisha. Kijijini, kinga iliyo kubwa kuliko zote kwa afya ya akili ni dawa isiyokatika, iliyowekwa mahali ambapo mtu anafika kwa miguu na kurudi kabla ya giza.

Pengine msomaji atauliza kifafa kinahusikaje na akili, wakati ni ugonjwa wa ubongo unaotazamwa na wataalamu wa mishipa ya fahamu. Kwenye vitabu yuko sahihi. Kwenye zahanati na hospitali zetu za wilaya, mwenye kifafa na mwenye skizofrenia wanakaa benchi moja, wanahudumiwa na muuguzi mmoja, na wanasubiri kabati moja la dawa lifunguliwe. Wanaunganishwa pia na jambo zito zaidi, kwamba magonjwa yao hayatibiwi kwa dozi ya siku tano. Mfumo wetu wa vijijini ulijengwa kwa ajili ya malaria, kuhara na uzazi, yaani mtu anakuja, anatibiwa, anaondoka na shukrani. Anayepaswa kurudi kila mwezi kwa miaka kumi anauelemea mfumo huo kwa namna ambayo haikuwahi kufikiriwa.

Kitaalamu kuna jambo ambalo nadhani wapangaji hawalipi uzito wake. Mwili ukishaizoea fenobabitoni, kuikatiza ghafla kunaweza kuleta mtukutiko mkali kuliko ule wa kabla ya tiba, na mwingine hausimami mpaka mtu apoteze maisha. Kwa hiyo kabati tupu katika kliniki ya kifafa ni hatari mpya, tena tumeitengeneza sisi wenyewe kwa kumwanzishia mtu dawa tusiyoweza kumhakikishia. Kwa magonjwa kama skizofrenia mwendo ni wa polepole kidogo. Mgonjwa anatulia, analala, anarudi shambani, ndugu wanapumua, dawa inaachwa, na kwa wengi ugonjwa unarejea baada ya wiki au miezi, mara nyingine ukiwa na nguvu mpya. Na kila unaporejea unaondoka na kitu: kazi, ndoa, au subira ya kaka mkubwa aliyekuwa akigharimia nauli.

Anayefanya kazi katika kliniki hizi anaujua mwezi wa saba wa tiba. Mwezi wa kwanza ukoo umechanga, pengine mbuzi ameuzwa, kila mtu anataka kuona matokeo. Mwezi wa tatu matokeo yameonekana. Kufikia wa saba mgonjwa ni mzima kwa macho ya jirani, msimu wa kupalilia umeingia, mara mbili zilizopita alikwenda akaambiwa dawa hazijafika, na aliyekuwa akimsindikiza amehamia mjini kutafuta kibarua. Hakuna aliyeamua kwamba tiba iishe. Imeisha tu. Mwezi wa kumi utasikia amerogwa upya.

Tazama safari yenyewe. Zahanati ipo kijijini au kijiji cha jirani, lakini mara nyingi dawa za akili hazikai pale. Zinakaa kituo cha afya, au hospitali ya wilaya. Wilayani kuna mratibu wa afya ya akili, kwa kawaida muuguzi mwenye majukumu mengine matatu, na siku ya kliniki ni moja kwa wiki au moja kwa mwezi. Mgonjwa haendi peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili. Chukulia bodaboda na basi ni shilingi 10,000 kwenda na kiasi hicho kurudi: kaya inatumia 40,000 kufuata kidonge ambacho chenyewe hakifikii sehemu ya kumi ya fedha hizo. Uanachama wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa kaya ya watu sita ulikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Wakazi wa Mahenge wanakumbuka pia kivuko cha Mto Kilombero, kabla daraja halijakamilika, na jinsi kivuko kilivyopinduka Januari 2016. Kwa miaka mingi, kufuata rufaa kutoka Ulanga kulimaanisha kwanza kungoja mto ukubali.

Serikali haikusahau kabisa. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza mwaka 1993, magonjwa ya kudumu yaliwekewa msamaha, ya akili yakiwemo. Kwenye karatasi, mwenye skizofrenia hatakiwi kulipa. Lakini msamaha unafanya kazi pale tu kitu kinachosamehewa bei kinapokuwepo. Dawa zikikosekana, mwenye msamaha anaandikiwa karatasi aende duka la dawa muhimu, na huko hakuna aliyesamehewa. Maduka hayo yalianzishwa Ruvuma mwaka 2003 na yamesaidia sana vijiji, ila usitarajie kukuta haloperidoli, dawa ya skizofrenia, pembeni ya panadoli.

Sasa kwa nini dawa zenyewe zinakosekana, ikiwa ni za bei nafuu kiasi hicho? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kifafa kinaweza kutibiwa kwa dawa za takriban dola 5 za Marekani kwa mgonjwa kwa mwaka, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Fedha peke yake haielezi tatizo. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye fomu. Zahanati inapoagiza dawa Bohari ya Dawa, inajaza ripoti na maombi, na kiasi cha kuagiza hukadiriwa kutokana na matumizi ya kipindi kilichopita. Kituo ambacho hakikuwa na dawa hakikuzitumia. Ambacho hakikuzitumia hakina matumizi ya kuripoti, na kisicho na matumizi kinaagiza sifuri au kopo moja la tahadhari. Wagonjwa wakiona hakuna, wanaacha kuja. Daftari la MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, linaonyesha kwamba eneo hilo halina wagonjwa wa akili, na mkuu wa idara anasema kwa nia njema kabisa kwamba mahitaji yako chini. Utupu umejithibitisha wenyewe kwa takwimu.

Fenobabitoni ina kisa chake cha ziada. Iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa mwaka 1971 wa dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuiingiza nchini na kuitunza kunahitaji vibali na rejista. Udhibiti huo una sababu zake. Matokeo yake kijijini, hata hivyo, ni kwamba mganga mfawidhi anayeogopa ukaguzi anaona heri asiwe nayo kabisa.

Ingekuwa haki kutulaumu kama tungekuwa tumechelewa kuelewa. Hatukuchelewa. Kwenye milima ya Usambara, Lutindi ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, enzi ya Mwingereza, na kwa miongo kadhaa neno Mirembe peke yake lilitosha kumtisha mtoto mtukutu. Huo ndio ulikuwa mtindo wa kikoloni: kuta, funguo, umbali. Tanzania huru ilijaribu njia nyingine mapema kuliko wengi. Mwaka 1969 kilianzishwa kijiji cha matunzo Hombolo, nje ya Dodoma, ambako waliopata nafuu waliishi, walilima na kufuga wakiwa karibu na wahudumu, wengine pamoja na ndugu zao. Vijiji vya namna hiyo vilifunguliwa katika mikoa kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache tu baada ya Azimio la Alma-Ata la 1978 kuhusu afya ya msingi, Tanzania kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani ilianza kuingiza huduma za akili kwenye zahanati na vituo vya afya, ikianzia Morogoro na Kilimanjaro. Ripoti ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1991. Ukiisoma leo utadhani ni mpango mkakati ulioandikwa mwaka jana, maana karibu kila kinachopendekezwa sasa kipo mle: wafundishwe watumishi wa kawaida, dawa chache za msingi, usimamizi kutoka wilayani.

Kilichoshindwa basi hakikuwa wazo. Wafadhili walimaliza muda wao, gari la usimamizi likakosa mafuta, waliofundishwa wakahamishwa, na hakuna aliyefundishwa badala yao. Ukipima miaka ya mradi peke yake utaandika mafanikio. Ukirudi miaka mingi baadaye, kama alivyorudi Jilek-Aall Mahenge, utahesabu makaburi. Vipimo tulivyovizoea vinatupotosha hapo. Ripoti za miradi ya akili hutuambia ni watumishi wangapi wamepata semina na ni watu wangapi wamefikiwa, na mimi ningependa kuona safu moja tu: kati ya walioanza dawa, ni wangapi bado wanazo baada ya mwaka.

Safu hiyo tunaijua, kwa sababu kwa ugonjwa mwingine tunaijaza kila siku. Tangu mwaka 2004, Tanzania ilipoanza kutoa dawa za kufubaza VVU kwa mpango wa kitaifa, tumejenga kliniki za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, zilizofika hadi ngazi za chini ambazo hakuna aliyezitarajia. Kadi moja inakaa na mteja, nyingine inabaki kliniki. Tarehe ya kurudi inaandikwa. Asiporudi, kuna mtu ambaye kazi yake ni kumtafuta, na mara nyingi mtu huyo mwenyewe anaishi na VVU, anajua mtaa na anajua aibu. Aliyetulia hapewi dawa za mwezi mmoja. Anapewa za miezi mitatu au sita, asipoteze siku ya shamba bure. Yote hayo yanafanywa na matabibu na wauguzi wa kawaida, bila daktari bingwa kuonekana. Ukiondoa jina la ugonjwa, hii ndiyo huduma ambayo mwenye skizofrenia wa Ulanga, wa Mbulu au wa Kigoma anaihitaji, kipengele kwa kipengele. Mashine tunayo. Tumeamua tu kwamba ni ya ugonjwa mmoja.

Najua pingamizi mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mashine hiyo ilijengwa kwa fedha za wafadhili, hasa Marekani, na Januari 2025 misaada iliposimamishwa ghafla tuliona jinsi kamba ilivyo nyembamba. Ni kweli. Lakini kilicho ghali katika VVU ni dawa zenyewe, vipimo vya maabara na mtandao mzima wa ufuatiliaji wa wagonjwa zaidi ya milioni. Kuongeza makopo ya kabamazepini na haloperidoli kwenye kabati ambalo tayari lina ufunguo, daftari na mtu ni jambo la kiwango kingine, na linaweza kubebwa na mapato ya ndani. Pingamizi ya pili inatoka kwa watumishi, nao siwezi kuwapuuza: zahanati yenye watu wawili au watatu, foleni ya watoto, mjamzito anayesubiri, na sasa unawaongezea wagonjwa wa akili. Hapa tutenganishe kazi mbili. Kumtambua mgonjwa kwa mara ya kwanza ni kazi nzito, inahitaji muda na ujuzi, na inafaa ifanywe wilayani au na mratibu anayezunguka. Kumwongezea dawa aliyekwisha kutambuliwa na kutulia ni maswali manne au matano: unalala? umeanguka mara ngapi? unameza kila siku? kuna kinachokusumbua mwilini? Tukiendelea kuvuta kazi hii ya pili hadi hospitali ya wilaya kwa kisingizio cha utaalamu, tunamtoza mkulima nauli kwa ajili ya maswali ambayo muuguzi wa kijijini anaweza kuyauliza.

Wala tusisubiri mabingwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchini ni makumi machache, wengi wao wakiwa mijini. Hata tukiwaongeza mara tano hawatafika Mahenge kila Jumanne.

Watakaofika ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, lengo likiwa kila kitongoji na mtaa uwe na wawili. Kenya miezi minne kabla ilikuwa imewatuma wa kwao 100,000 na mikoba yao. Hofu yangu ni ile ninayoiona kwa kila mhudumu wa jamii: kila idara inamtwika mzigo wake, kutoka chanjo hadi vyoo, mpaka anakuwa karatasi ya kujaza. Kwa upande wa akili ningemwomba mambo mawili tu. Ajue ni nani kitongojini anayemeza dawa na tarehe yake ya kurudi, na akikosa aende amwone. Na ajue kuketi na mtu.

La pili linasikika jepesi, lakini ushahidi wake ni mgumu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, katika vijiji 30 vilivyokuwa vimeumizwa na UKIMWI. Watu wa kawaida, waliofundishwa kwa wiki mbili, waliongoza vikundi vya majirani wenye sonona kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na upweke. Mwishoni, waliokuwa bado na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vya kulinganisha zaidi ya nusu. Zimbabwe, kazi ya Dixon Chibanda iliyoanzia Mbare, Harare, mwaka 2006 iliwaketisha wanawake watu wazima kwenye benchi nje ya kliniki wasikilize na kusaidia kutatua tatizo moja kwa wakati. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha nafuu kubwa baada ya miezi sita. Mashangazi na bibi tunao. Kinachohitajika ni kuwalipa kitu, kuwapa msimamizi wa kuwasikiliza wao, na kuwapa njia ya kumpeleka mbele mtu ambaye mazungumzo hayamtoshi. Kikundi hakimtibu mwenye skizofrenia, na anayedai hivyo anawadanganya watu.

Na waganga wa kienyeji? Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba karibu nusu ya wateja wa waganga walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi, wakati kwenye kliniki za afya ya msingi ilikuwa kama robo. Yaani tayari wao ndio kliniki yetu kubwa ya akili. Kule Makueni, Kenya, timu ya Profesa David Ndetei ilifanya nao kazi badala ya kuwafukuza, ikawafundisha kutambua dalili na kutoa rufaa. Naunga mkono, kwa sharti moja lisilo na mjadala: hakuna minyororo. Mahali popote, pawe kwa mganga au kwenye kambi ya maombi, ambapo mtu amefungwa kwenye gogo, mazungumzo ya ushirikiano yanasimama mpaka afunguliwe.

Kuna kinga ya mapema zaidi, ile inayozuia ugonjwa usianze kabisa, na hapo Mahenge inatushangaza tena. Utafiti wa Rwiza na wenzake wilayani Ulanga, uliochapishwa mwaka 1992, ulipitia watu 18,183 vijijini na kuwakuta 207 wenye kifafa, kama kumi na mmoja kwa kila elfu. Lakini vijiji havikufanana: kimoja kilikuwa na watano kwa elfu, kingine 37. Mwanya huo ulikaa miaka mingi bila maelezo ya kuridhisha. Leo kidole kinaelekezwa hasa kwenye usubi, ugonjwa wa minyoo unaosambazwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi, tuliozoea kuulaumu kwa upofu na upele peke yake. Mwaka 2019 ugawaji wa dawa ya ivermektini Mahenge ulifanywa mara mbili kwa mwaka badala ya mara moja, na watafiti waliporudi kuhesabu, wagonjwa wapya wa kifafa walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Ugawaji huo ulifanywa na wagawa dawa wa kijiji, watu wenye fimbo ya kupimia urefu na daftari la kaya. Hakuna hata mmoja wao aliyejiita mtumishi wa afya ya akili. Kadhalika Mbulu, ambako kifafa kimehusishwa na tegu wa nguruwe waliojificha kwenye ubongo: huko anayezuia ugonjwa ni afisa mifugo anayekagua nyama, jirani yake anayefungia nguruwe bandani, na yeyote anayechimba choo. Ongeza mkunga anayemwokoa mtoto asikose hewa wakati wa kuzaliwa. Bajeti za watu hawa zimetawanyika katika idara tatu, na hakuna kikao kimoja kinachowaona kama timu.

Neno fupi kuhusu kujiua, maana vijijini haliepukiki. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Familia inayofika hospitali usiku na mgonjwa aliyekunywa sumu ya shambani inajua hilo, kwa hiyo inasema alikosea chupa, anasafishwa tumbo, anarudishwa nyumbani, na swali la kwa nini haliulizwi. Nafasi ya kinga inapita mbele ya macho ya mtumishi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kifungu cha namna hiyo kuwa kinyume cha katiba. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali kimoja baada ya kingine, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miongo miwili. Yote mawili, sheria na orodha ya viuatilifu, yanaweza kushughulikiwa bila kujenga wodi hata moja.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mjadala wa mitaani umekuwa juu ya kiasi cha kuchangia. Mimi naangalia kitita cha mafao, na ndani ya kitita mstari mmoja mdogo: dawa ya akili na ya kifafa inalipiwa inapotolewa ngazi gani? Kama bima itamlipa mtoa huduma kuanzia hospitali ya wilaya peke yake, zahanati haitakuwa na sababu ya kuagiza, fomu itaendelea kusoma sifuri, na nauli itabaki palepale. Ikilipia pia zahanati, tena kwa dozi ya miezi mitatu kwa aliyetulia, mganga mfawidhi atakuwa na sababu ya kifedha ya kumtaka mgonjwa huyu arudi. Mstari huo unaweza kuhojiwa sasa hivi na diwani yeyote kwenye kikao cha robo mwaka, akianza na swali ambalo Mganga Mkuu wa halmashauri anaweza kulijibu kwa simu moja: leo, katika zahanati zetu, ni ngapi zina fenobabitoni kwenye kabati, na za siku ngapi?